Kutoka Gari la Maziwa hadi Ncha ya Kisiwa: Miaka Mia na Ushei ya P.C. Richard & Son

Mwaka 1909 mhamiaji wa Kiholanzi aitwaye Peter Christiaan Richard alifungua duka la vifaa vya matengenezo ya nyumba katika kitongoji cha Bensonhurst, Brooklyn. Kabla ya hapo alikuwa muuza maziwa. Kazi hiyo ilimzungusha nyumba hadi nyumba, na kwa kuwa alikuwa pia na mikono ya ufundi, mteja wa maziwa aliyekuwa na kitasa kibovu au bomba linalovuja alijua wa kumwita. Duka lilitokana na miito hiyo. Halikuanza kwa mtaji mkubwa. Lilianza kwa mtu ambaye wenzake walikuwa wamekwisha kumwamini aingie majikoni mwao.

Mwaka huohuo alizaliwa mwanawe Alfred, ambaye maisha yake yote aliitwa kwa herufi mbili, A.J. Huyu ndiye aliyeligeuza duka la misumari na rangi kuwa duka la vyombo vya umeme, na aliligeuza kwa kitu kimoja kidogo: pasi. Katikati ya miaka ya 1920, akiwa bado kijana mdogo, alimshawishi baba yake waweke dukani pasi ya umeme.

Aliyewahi kupiga pasi kwa pasi ya mkaa hahitaji kuelezwa ilikuwa na maana gani. Huko Brooklyn mama wa nyumba alikuwa na pasi mbili au tatu za chuma kitupu zilizopangwa juu ya jiko. Moja ikipoa anairudisha motoni na kuchukua nyingine, kutwa nzima, hata wakati wa joto la Julai. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshaingiziwa umeme, lakini ulikuwa umeme wa taa tu. Ukutani hapakuwa na mahali pa kuchomeka kitu. Ilibidi kufungua balbu darini na kufunga waya wa pasi palepale ilipotoka balbu, mama anapiga pasi huku waya unaning'inia juu ya kichwa chake. Kampuni za umeme zenyewe zilikuwa zikitafuta mtu wa kununua umeme mchana. Kule Ontario, jimbo la California, bwana mmoja wa kituo cha umeme aitwaye Earl Richardson, mwanzilishi wa pasi za Hotpoint, aliwahi kukishawishi kituo chake kiwashe mitambo mchana wa Jumanne, kwa sababu Jumanne ndiyo iliyokuwa siku ya akina mama kupiga pasi.

Tatizo la pale Bensonhurst lilikuwa bei. Mfanyakazi wa kawaida hakuwa na fedha za kutoa mara moja kwa ajili ya pasi. A.J. akawaachia wateja pasi kwa mali kauli: chukua sasa, lipa senti chache kila wiki mpaka deni liishe. Malipo ya awamu hayakuwa jambo geni Marekani. Kampuni ya Singer ilikuwa ikiuza cherehani kwa njia hiyo tangu miaka ya 1850. Jipya hapa ni kwamba mkopeshaji alikuwa jirani. Hapakuwa na ofisi ya mikopo wala karatasi za kupekua mapato ya mtu; palikuwa na kijana aliyejua nyumba ya kila mdaiwa na mdaiwa aliyejua duka lilipo. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba cha Richard kilijaa. Baada ya pasi zikaja mashine za kufulia, redio na majokofu.

Hapa msomaji aliye mbali na Marekani inafaa aelezwe jambo moja la jiografia, maana historia nzima ya duka hili imo ndani yake. Brooklyn ni kipande cha kisiwa. Kisiwa hicho ni Long Island, chenye urefu wa kilomita 190 hivi, nacho kwenye ramani kimelala kama samaki: kichwa chake ni Brooklyn na Queens, vilivyobanana na jiji la New York, na mkia wake uliopasuka mapande mawili umeelekea mashariki baharini, hadi Montauk. Mwanzoni mwa karne ya 20 kichwa kilikuwa mji na mwili wote ulikuwa mashamba ya viazi, vijiji vya wavuvi wa chaza na majumba ya matajiri. Duka lililofunguliwa Bensonhurst lilikuwa limesimama mlangoni mwa kisiwa ambacho bado hakijajaa watu.

Mwaka 1939 yalifanyika maonyesho ya dunia Flushing Meadows, Queens, kisiwani humohumo. Tarehe 30 Aprili, siku ya ufunguzi, matangazo ya kawaida ya televisheni ya NBC yalianza, na umati ukaona picha zinazotembea ndani ya kabati la mbao. Kila muuzaji wa redio aliyekuwa na macho aliiona biashara ya kesho. Ila kesho hiyo ilichelewa. Serikali ilibana malipo ya awamu mwaka 1941, na mwaka 1942 viwanda viliamriwa viache kutengeneza majokofu na mashine za kufulia za majumbani vitengeneze zana za vita.

Napenda kukaa kidogo kwenye miaka hiyo, kwa sababu wanaosimulia habari za maduka ya namna hii huiruka. Kwa muuza vyombo vya umeme asiye na chombo cha kuuza, kilichobaki ni ufundi. Jokofu la mwaka 1936 lilipaswa kuishi hadi vita viishe. Mkanda wa mashine ya kufulia ukikatika, fundi alitafuta mkanda wa mashine iliyokufa. Mfanyabiashara ambaye zamani aliwaza ni vipande vingapi vimetoka dukani leo, sasa alijikuta akiulizwa kama kile alichouza miaka sita iliyopita bado kinafanya kazi. Ni swali gumu kuliko lile la kwanza, na nyumba ya Richard, iliyoanzishwa na fundi, haikuwa ngeni nalo. Miaka ya 1940 ilipokuwa inamalizika A.J. alikuwa ameufanya ufundi kuwa idara kamili ya biashara yake, si huruma ya pembeni kwa mteja anayelalamika.

Kisha mlango wa kisiwa ukafunguka. Mwaka 1947 William Levitt alianza kujenga nyumba kwenye mashamba ya viazi ya kaunti ya Nassau, mafundi wakienda nyumba hadi nyumba kila mmoja na kazi yake moja, na hadi mwaka 1951 palikuwa na nyumba zaidi ya 17,000 mahali palipoitwa Levittown. Nyumba hizo zilikabidhiwa zikiwa na jiko, jokofu na mashine ya kufulia ya Bendix. Za mwaka 1950 zilikuwa na televisheni ya Admiral iliyojengewa ukutani chini ya ngazi. Askari waliorudi vitani walizipata kwa mikopo yenye dhamana ya serikali. Askari weusi waliopigana vita vilevile hawakuuziwa. Mikataba ya awali ilikataza waziwazi mtu asiye mzungu kuishi humo, na hata mahakama kuu ilipoyanyima nguvu masharti ya aina hiyo mwaka 1948, mwenye mradi aliendelea kuwafungia mlango. Yeyote anayesifu ustawi wa Long Island anapaswa kuyasema haya pamoja na sifa.

Kwa upande wa biashara, ongezeko la watu halikuwa na mfano. Kaunti ya Suffolk, iliyoko mashariki, ilikuwa na watu 276,000 hivi mwaka 1950. Mwaka 1970 ilikuwa na zaidi ya milioni 1.1. Kila familia ilihitaji jokofu, na jokofu hilo lilipofikisha miaka 15 ilihitaji jingine. Familia ya Richard iliwafuata wateja wake walikohamia. Watu wa Brooklyn na Queens walipopakia vyombo na kuelekea mashariki, duka nalo liliwafuata, tawi baada ya tawi, mpaka makao makuu na bohari vikahamia Long Island kabisa, katika mji wa Farmingdale, karibu na Levittown. Matawi yakafika Bay Shore na Patchogue kwenye pwani ya kusini, na Riverhead, mahali ambapo mkia wa kisiwa unaanza kupasuka.

Kuuza jokofu pwani si sawa na kuliuza katikati ya mji. Mkazi wa mwambao wowote anaijua chumvi. Hewa ya bahari hula mapezi membamba ya alumini yaliyo nyuma ya kiyoyozi mpaka yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Hata chuma kinachouzwa kwa jina la kutoshika kutu huota madoa ya kahawia mlangoni kisipofutwa kwa maji matamu. Umeme wa kwenye ncha za kisiwa hukatika kila tufani ikipita, na unaporudi kwa kishindo ndipo mota ya jokofu inapoungua, kwa kuwa imelazimika kuwaka huku shinikizo la gesi ndani ya mabomba bado halijatulia. Fundi mzuri humwambia mteja achomoe jokofu umeme ukikatika, na ukirudi asubiri dakika kadhaa kabla ya kulichomeka. Ushauri huo haumwingizii mwenye duka hata senti moja, tena unamcheleweshea mauzo ya jokofu jipya. Duka linaloutoa ndilo ninaloliita duka.

Kuna pia nyumba za msimu. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Septemba watu wa jijini humiminika Hamptons, Montauk na kwenye visiwa vyembamba vya kusini, kisha huondoka na kufunga nyumba hadi mwaka unaofuata. Kabla ya baridi, maji yote hupaswa kutolewa kwenye mabomba. Yakibaki matone kwenye pampu ya mashine ya kuosha vyombo, yataganda na kuipasua, na mwenye nyumba atagundua siku ya kwanza ya likizo, jikoni pakiwa pamejaa maji na wageni wakiwa mlangoni. Siku hiyohiyo majirani zake nao wamegundua ya kwao. Wiki hiyo ya mwisho wa Mei ndiyo inayompima fundi wa pwani ya Long Island.

Mtihani mkubwa zaidi uko Fire Island. Ni ukanda wa mchanga wenye urefu wa kilomita 50 hivi, umeukinga mwambao wa kusini dhidi ya Atlantiki. Madaraja yapo kwenye ncha zake tu. Vijiji vya katikati havina barabara za magari, watu hutembea juu ya njia za mbao na mizigo yao huivuta kwa vigari vidogo vya mkono. Jokofu la kwenda huko hufika kwa lori hadi gatini, Bay Shore, Sayville au Patchogue, linapakiwa kwenye boti ya mizigo, linavuka ghuba, linashushwa, kisha linavutwa kwa mkono mpaka mlangoni. La zamani nalo hurudi kwa njia ileile. Fundi aliyesahau kipuri kimoja cha ukubwa wa kidole amepoteza siku, kwa sababu hakuna duka la kukimbilia upande ule. Katika mahali kama hapo bei ya chini iliyoandikwa kwenye tangazo haimfikishi mtu mbali. Mteja hununua uhakika kwamba mtu atakuja.

Nadhani hapa ndipo siri ya nyumba hii ilipo, na ndipo tunapoweza kuelewa kwa nini wao wamebaki huku wengine wakifa. Kwani mbio zilikuwa na washindani wengi. Korvette ilianza mwaka 1948 kuuza vyombo kwa bei za kubomoa, na mwaka 1953 ikafungua duka kubwa Carle Place, Long Island. Ilizima mwaka 1980. Newmark & Lewis ya Long Island ilikwisha mapema katika miaka ya 1990. The Wiz, ya familia nyingine kutoka Brooklyn, iliingia katika ufilisi, ikauzwa kwa kampuni ya Cablevision mwaka 1998, na mwaka 2003 milango ikafungwa.

Aliyevuma kuliko wote alikuwa Crazy Eddie. Eddie Antar na jamaa zake walianza Brooklyn, na katika miaka ya 1970 na 1980 hapakuwa na mtu wa New York asiyemjua yule mtangazaji wao aliyepiga kelele kwenye televisheni kwamba bei zao ni za wendawazimu. Nyuma ya kelele palikuwa na wizi: mauzo yaliyofichwa, kodi iliyokusanywa kwa wateja ikaishia mifukoni, mishahara iliyolipwa bila kuandikwa, na kampuni ilipouza hisa kwa umma mwaka 1984, hesabu zilizokuwa zikipunguzwa zikaanza kukuzwa. Mwaka 1989 yote yaliporomoka. Antar alikimbilia Israeli na kukamatwa huko mwaka 1992. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nalitaja tukio hilo kwa makusudi. Kwenye kumbukumbu za miaka ya maduka kama haya, neno familia hutumika kama kwamba linatosha kuwa dhamana. Halitoshi. Antar alikuwa na familia, na udugu ndio uliosaidia kuficha hesabu mpaka ndugu walipogombana. Familia huzidisha kile kilichomo: pakiwa na uadilifu utarithiwa, pakiwa na hila nayo itarithiwa. Kilichorithiwa katika nyumba ya Richard ni tabia ya kumrudia mteja baada ya kuuza. Magari yao ya mizigo yamezunguka kisiwani miaka mingi yakiwa na maneno yanayodai kwamba Richard ni wa kutegemewa. Ni dai la kujisifu kama matangazo yote yalivyo, na wao pia hawakuwa wachoyo wa matangazo. Mbinja yao fupi imezoeleka hivi kwamba kwenye uwanja wa timu ya besiboli ya Yankees ilisikika kila mrushaji wa wenyeji alipomtoa mpigaji. Lakini dai lililoandikwa ubavuni mwa lori lina tofauti na kelele za televisheni: lori lenyewe lazima lifike nyumbani kwa mtu, na mteja aone kama ni kweli.

A.J. alifariki Desemba 2004 akiwa na umri wa miaka 95. Alikuwa ameiona pasi ikifungwa kwenye tundu la balbu, na alikuwa ameiona televisheni bapa inayotundikwa ukutani. Wanawe walishika usukani kabla hajaondoka, Gary akiwa kizazi cha tatu, na baada ya Gary akaja Gregg, kizazi cha nne. Mwaka 2009 kampuni ilitimiza miaka 100. Mwaka huohuo Circuit City, iliyokuwa na mamia ya maduka nchi nzima, ilifunga duka lake la mwisho.

Miaka mitatu baadaye bahari ilikuja yenyewe. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012 dhoruba ya Sandy ilisukuma maji ya Atlantiki juu ya mwambao wote, kutoka New Jersey hadi Connecticut. Long Island, takriban wateja tisa kati ya kila kumi walikosa umeme, wengine kwa wiki mbili, kukiwa na baridi ya Novemba. Kwenye nyumba za pwani ya kusini mashine za kufulia, za kukaushia nguo na majiko ya kupasha nyumba joto huwekwa vyumba vya chini ya ardhi, na huko ndiko maji yalikoanzia. Breezy Point, kwenye rasi ya Rockaway, moto uliteketeza nyumba zaidi ya 100 usiku uleule. Wachunguzi walibaini kuwa maji ya bahari yalikutana na nyaya za umeme ndani ya nyumba moja na upepo ukafanya yaliyobaki.

Baada ya mafuriko ya maji ya chumvi hakuna cha kukausha. Mashine iliyozama inaweza ikawaka ikishakauka, na mwenyewe akafurahi, lakini chumvi imebaki ndani ya viungio vya waya na itaendelea kuvila mpaka vitoe cheche usiku fulani watu wamelala. Kwa hiyo mitaa mizima ya kusini ilitoa nje kila kitu: majokofu yakiwa yamefungwa kwa utepe ili milango isifunguke na kunuka, majiko, mashine za kufulia, vikiwa vimepangwa kando ya barabara urefu wa mtaa. Wauzaji wa vyombo vya umeme wa eneo hilo walikabiliwa na uhitaji ambao hawakuutaka, kutoka kwa watu waliokuwa wamepoteza kila kitu na wengi wao wakisubiri bima. Katika wakati kama huo mtu humfuata anayemjua. Wengi walikuwa wakirudi mahali ambapo wazazi wao walinunulia jokofu la kwanza.

Leo kampuni ina maduka zaidi ya 60 katika majimbo ya New York, New Jersey na Connecticut, na imevuka kuingia Pennsylvania, na bado hisa zake haziuzwi kwa umma. Wenyewe hujitaja kuwa nyumba kubwa kuliko zote za aina yao zinazomilikiwa na familia nchini Marekani. Ushindani umebadilika sura. Adui sasa haonekani, ni simu iliyo mkononi mwa mteja anayesimama katikati ya duka akilinganisha bei. Hata hivyo jokofu la kilo mia na zaidi haliji kwa bahasha. Lazima mtu alipandishe ngazi, aliweke sawasawa, aliunganishe maji, aondoe la zamani, na siku ya matatizo apokee simu. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Peter Christiaan Richard duka lake la kwanza.

Jambo moja la mwisho lastahili kuandikwa. Maduka makubwa ya Marekani, Walmart, Target na Best Buy miongoni mwao, yalipoanza kufungua milango jioni ya sikukuu ya kutoa shukrani ili kuwahi mauzo ya Ijumaa inayofuata, familia ya Richard ilikataa, ikalipia kurasa za magazeti kusema hadharani kwamba kuwatoa wafanyakazi mezani kwa familia zao siku hiyo ni kuwakosea heshima. Walijua kwamba kuna mauzo yatakayokwenda kwa wengine. Kila Alhamisi ya nne ya Novemba maduka yao yote hufungwa.